Nyanya Yangu Hakubatizwa: Je, Mungu Amemsahau?



Leo nataka kusema nanyi juu ya ulizo ambalo wengi wenu mnalo moyoni, lakini hamthubutu kulitamka mbele ya padri. Mtu mmoja alithubutu. Ni mvuvi wa kando ya Ziwa Tanganyika, mtu mzima mwenye watoto. Alikuwa amefuata mafundisho miaka mitatu, tena hakukosa isipokuwa asubuhi alizochelewa kurudi ziwani. Jina lake lilikuwa limekwisha kuandikwa pamoja na majina ya wale watakaobatizwa usiku wa Pasaka. Basi katikati ya Kwaresima akaja kwangu jioni, akakaa kitambo bila kusema neno, kisha akasema: «Padri, futa jina langu.»

Nikamwuliza sababu. Nilidhani ni mambo ya mke wa pili, au ya deni, au ya ugomvi na katekista wake. Haikuwa hivyo. Akaniambia: «Mama yangu alikufa nikingali mtoto mchanga. Nililelewa na nyanya yangu, mama mzaa mama. Kila asubuhi alipofungua mlango alimtaja Leza. Mwaka mmoja watu wa kijiji walimshitaki mama mzee kwamba ni mchawi, wakataka kumwua. Nyanya akamficha nyumbani mwetu siku mbili. Vijana walipokuja na fimbo, akasimama mlangoni, akawaambia: Leza anaona. Wakarudi kwao. Nyanya hakubatizwa, alikufa kabla ya katekista kufika kwetu. Ninyi mnatufundisha kwamba ubatizo ni mlango wa mbingu. Basi yeye yuko nje, yuko motoni. Mimi nitawezaje kukaa mbinguni nikishiba, na yeye aliyenilisha anaungua? Afadhali niende aliko.»

Wapenzi, msimcheke mtu huyu. Msiseme imani yake ni ndogo. Alikuwa akiishika amri ya nne kuliko wengi wetu. Wala ulizo lake si geni. Habari za kale za Ulaya zasimulia juu ya Radbod, mfalme wa Wafrisia, watu wa pwani ya nchi iitwayo leo Uholanzi, aliyekufa mwaka 719. Yasimuliwa kwamba alikuwa tayari kubatizwa, tena amekwisha kutia mguu mmoja majini, ndipo akauliza: wazee wangu waliokufa wako wapi? Akajibiwa kwamba wako motoni. Basi akautoa mguu wake majini, akasema ni heri kukaa pamoja na wazee wake kuliko kukaa mbinguni pamoja na watu wachache. Ikiwa mambo yalikuwa hivyo, aliyemjibu alijibu vibaya. Alikata hukumu ambayo Mungu hakumpa mtu yeyote kazi ya kuikata.

Basi sikieni vizuri tunayofundishwa na imani yetu.

Mungu ni Baba wa watu wote

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba Mungu alimwumba mtu kwa mfano wake. Hakisemi alimwumba Mwebrania kwa mfano wake, au Mzungu, au Mtabwa, au Mluba. Alimwumba mtu. Kila mtu aliyezaliwa na mwanamke ana mfano huo ndani yake. Mtu aweza kuuchafua kwa dhambi, kama kioo kinavyochafuliwa na moshi, lakini hawezi kuuondoa.

Fikirini jina lenyewe tunalomwitia Mungu. Mapadri Weupe walipofika Mpala mwaka 1885, hawakulileta jina la Mungu katika masanduku yao. Walilikuta. Watabwa walikuwa wakisema Leza. Bashi walikuwa wakisema Nyamuzinda, Wanande Nyamuhanga, na Wakongo wa magharibi, karibu na bahari, walisema Nzambi. Wazee wetu walijua kwamba yuko Mmoja aliyeumba mbingu na nchi, anayeleta mvua, anayetoa watoto, ambaye macho yake huona hata usiku. Mapadri walileta habari nyingine kuu: kwamba huyo Mmoja ana Mwana, na Mwana huyo amekuwa mtu, amekufa msalabani kwa ajili yetu, na amefufuka. Habari hiyo wazee hawakuisikia.

Basi nawauliza: kabla ya katekista kufika, nani alilitia jina la Mungu katika mioyo ya wazee wetu? Hakuna mwingine ila Mungu mwenyewe. Na baba anayemfundisha mtoto wake kumwita jina lake, je, atageuza uso mtoto anapoita?

Tusiseme lakini kwamba kila desturi ya zamani ilikuwa njema. Mnajua wenyewe habari za mwavi, sumu waliyonyweshwa watu walioshitakiwa uchawi, na wengi walikufa bila kosa. Mnajua ramli na hirizi, na hofu iliyowatesa watu. Hayo hayakutoka kwa Mungu. Lakini yule nyanya aliyesimama mlangoni alipata wapi nguvu ya kushindana na hofu ya kijiji kizima? Mtume Paulo anawaandikia Warumi kwamba hata watu wasio na Sheria ya Musa wana sheria iliyoandikwa mioyoni mwao, na dhamiri yao huishuhudia. Nyanya aliitii dhamiri yake. Alisikia sauti ya Mungu bila kujua Injili.

Maandiko matakatifu yanasema nini

Fungueni Maandiko, mtaona kwamba Mungu hakujifungia katika taifa moja. Melkisedeki, mfalme wa Salemu, hakuwa mtoto wa Abrahamu, wala hakutahiriwa. Lakini alikuwa kuhani wa Mungu aliye juu, akambariki Abrahamu, naye Abrahamu akaupokea mbaraka wake. Yobu hakuwa Mwisraeli. Tena Maandiko yanatupa yeye kuwa mfano wa mtu mnyofu. Ruthu alikuwa mwanamke wa Moabu, mgeni, mjane; Mwinjili Matayo amwandika miongoni mwa wazee wa Yezu. Watu wa Ninawi, waliomchukiza nabii Yona, walitubu, na Mungu akawahurumia. Tena nani walimsujudia Mtoto Yezu pamoja na wachungaji? Mamajusi, watu wa mashariki, walioongozwa na nyota, kwa maana hawakuwa na kitabu cha kuwaongoza.

Yezu mwenyewe alimstaajabia akida wa Kirumi pale Kafarnaumu. Akasema kwamba imani namna hiyo hakuiona katika Israeli, na kwamba watu wengi watatoka mashariki na magharibi, wataketi pamoja na Abrahamu katika ufalme wa mbinguni. Tena alipofundisha juu ya hukumu ya mwisho, alisema kwamba aliyempa mwenye njaa chakula, na aliyempokea mgeni, alimfanyia yeye mwenyewe. Wale wenye haki watashangaa, watamwuliza ni lini walimwona. Angalieni neno hili: walimhudumia Kristu, wala hawakujua kwamba ni yeye. Yule mama mzee aliyefichwa siku mbili, ndani yake alikuwa nani?

Nanyi mkisali Nasadiki, mnakiri kwamba Bwana wetu alishuka kuzimu. Mwajua maana yake? Kabla ya Kristu, watu wenye haki walikwisha kufa: Abeli, Noe, Abrahamu na wengine wasiohesabika. Hakuna hata mmoja wao aliyepata maji ya ubatizo. Yezu alipokufa, hakuwaacha. Alikwenda kwao katika nchi ya wafu, akawaletea wokovu waliokuwa wakiungojea. Ndiyo kusema kifo hakimzuii Bwana wetu kuwafikia wale ambao habari njema haikuwafikia wakingali hai.

Eklezia inafundisha nini

Labda mtu atasema: «Mafundisho haya ni ya padri huyu tu.» Sivyo. Mwaka 1863 Baba Mtakatifu Pio wa Tisa aliandika kwamba mtu asiyeijua dini ya kweli bila kosa lake, naye akaishika sheria ya Mungu iliyo moyoni, akaishi kwa unyofu, aweza kupata uzima wa milele kwa mwanga na neema ya Mungu. Hesabuni: ni miaka 22 kabla ya mapadri kufika Mpala. Mungu alikuwa akiwaangalia wazee wenu, na Eklezia ilikwisha kukiri kwamba huruma yake yaweza kuwafikia.

Kisha maaskofu wa dunia yote walikutana Roma katika Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano. Tarehe 21 Novemba 1964 walitoa fundisho juu ya Eklezia. Humo walisema kwamba wale wasioijua Injili bila kosa lao, lakini wanamtafuta Mungu kwa moyo mnyofu, na kwa msaada wa neema wanajitahidi kufanya mapenzi yake jinsi dhamiri inavyowaonyesha, waweza kuokoka. Na tarehe 7 Desemba 1965 walifundisha kwamba Kristu alikufa kwa ajili ya watu wote, na kwamba Roho Mtakatifu anawapa wote, kwa namna anayoijua Mungu, njia ya kushiriki mauti na ufufuko wake.

Sikieni tena habari ya mkatekumeni kama ninyi. Miongoni mwa Mashahidi wa Uganda yumo kijana Mukasa Kiriwawanvu, mtumishi katika jumba la mfalme Mwanga. Wenzake kadhaa walibatizwa kwa haraka na Karoli Lwanga walipoona kwamba watauawa. Yeye hakuwako, alikuwa kifungoni. Tarehe 3 Juni 1886 alichomwa moto Namugongo pamoja na wenzake, bila kupata maji ya ubatizo. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo wa Sita alimtangaza kuwa mtakatifu pamoja na wenzake. Eklezia yaita hiyo ubatizo wa damu. Tena yafundisha ubatizo wa tamaa: mtu aliyetaka ubatizo akafa kabla ya kuupata, Mungu ahesabu tamaa yake. Na mtu asiyejua hata jina la ubatizo, lakini angeutaka kama angeujua, tamaa hiyo imo moyoni mwake, imefunikwa kama mbegu chini ya udongo.

Msielewe vibaya lakini. Hatusemi kwamba kuna waokozi wengi, kila kabila na wake. Mwokozi ni mmoja, Yezu Kristu, na neema yote hutoka kwake. Nitawapa mfano. Mto Lukuga hutoka Ziwa Tanganyika, pale Kalemie, ukaenda mpaka Lualaba. Mtu akaaye mbali, kando ya Lukuga, huteka maji, akanywa, akapika, akawanywesha watoto wake. Labda maisha yake yote hakuliona ziwa. Hata hivyo maji yanayomweka hai hutoka ziwani. Vivyo hivyo nyanya wa yule mvuvi. Ikiwa alikunywa neema, alikunywa ya Kristu. Hakulijua ziwa, lakini ziwa lilimfikia.

Basi ubatizo ni wa nini?

Nilipomweleza mvuvi hayo, akanyamaza kitambo, akaniuliza: «Padri, ikiwa ni hivyo, kwa nini nibatizwe? Nami nikae kama nyanya.»

Nikamjibu: Wewe unavua usiku. Mvuvi aliyechelewa ziwani, usiku usio na mwezi, akifuata nyota kwa uangalifu, Mungu aweza kumfikisha pwani. Lakini ndugu zake wakiwasha moto ufukweni, wakamwita kwa jina, naye akauona moto, akaisikia sauti, kisha akageuza mtumbwi kwa makusudi na kurudi gizani, je, utasema anafuata nyota? Nyanya yako alifuata nyota yake. Wewe umeuona moto. Ukigeuza mtumbwi, hutafika aliko yeye, kwa maana yeye alikuwa akielekea pwani.

Mtaguso uleule unasema neno kali: anayejua kwamba Mungu ameiweka Eklezia kwa njia ya Kristu kuwa ya lazima, naye akakataa kuingia au kudumu humo, hawezi kuokoka. Kila mtu atahukumiwa kadiri ya mwanga aliopewa. Aliyepewa kidogo ataulizwa kidogo. Aliyepewa kingi ataulizwa kingi. Ninyi mliosikia Injili miaka mitatu au minne mmepewa kingi.

Angalieni pia habari ya Kornelio katika Matendo ya Mitume. Alikuwa askari wa Kirumi, hakuwa Myahudi wala Mkristu. Lakini alisali na kuwasaidia maskini, na malaika akamwambia kwamba sala zake na sadaka zake zimefika kwa Mungu. Petro alipokuwa akingali anasema nyumbani mwake, Roho Mtakatifu aliwashukia wote waliomsikiliza, kabla ya maji. Petro akakiri kwamba Mungu hana upendeleo. Je, kisha Petro alisema: basi, ubatizo hauna kazi kwenu? Sivyo. Aliamuru wabatizwe. Mungu aliyesikia sala ya Kornelio ndiye aliyemtuma Petro kwake. Neema ya kwanza ilimwongoza kwenye neema iliyo kubwa zaidi.

Katika ubatizo tunaondolewa dhambi ya asili na dhambi zetu zote. Tunafanywa watoto wa Mungu, viungo vya mwili wa Kristu. Tunapata haki ya kukaribia meza yake na kumla katika Ekaristi takatifu. Nyanya alimwita Leza asubuhi kwa mlangoni. Wewe utamwita Baba, tena mezani pake.

Tufanye nini?

Kwanza, tusihukumu. Msiseme juu ya mtu yeyote aliyekufa: huyu yuko motoni. Wala tusijifanye kujua siri za Mungu kwa kusema: huyu hakika yuko mbinguni. Yeye peke yake ajua moyo wa kila mtu. Sisi tunatumaini, na tumaini letu lina msingi, kwa maana Mtume Paulo anamwandikia Timoteo kwamba Mungu anataka watu wote waokoke.

Pili, tuwaombee wafu wetu wote, waliobatizwa na wasiobatizwa. Tarehe 2 Novemba msikose Misa. Katika nchi yetu tuna pia neema ya pekee: Misale kwa majimbo ya Zaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, inatufundisha mwanzoni mwa Misa kuwataja watakatifu na, pamoja nao, wazee wetu wenye moyo mnyofu. Na mwaka 2023 Papa Fransisko alipokuja Kinshasa, aliadhimisha Misa kwa utaratibu huo mbele ya umati mkubwa. Basi asiwepo mtu wa kuwaambia kwamba kuingia katika Eklezia ni kuwakana wazee wenu.

Tatu, msiwadharau wazazi na jamaa ambao bado hawajabatizwa. Nimewaona vijana wenye msalaba shingoni wanaokataa kula na baba yao kwa kuwa ni mpagani. Hiyo si imani, ni kiburi. Lima shamba la baba yako mzee, mchotee mama yako maji. Watajua Kristu ni nani kwa mikono yako, kabla hawajasikia neno moja la katekisimu.

Nne, tuwaheshimu jirani wa dini nyingine. Tarehe 28 Oktoba 1965 Mtaguso ulisema kwamba Eklezia haikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini hizo, na kwamba Waislamu wanamwabudu Mungu mmoja. Mwenzako Mwislamu, Mprotestanti au Mkimbangu si adui yako. Wala mtu wa kabila lingine si adui. Nchi yetu imeona damu nyingi, kwa kuwa watu waliacha kuuona mfano wa Mungu katika uso wa mtu wa kabila lingine. Na jirani mzee akishitakiwa uchawi, nawe ni mkatekumeni, je, utakuwa miongoni mwa wenye fimbo, au utasimama mlangoni?

Jina la yule mvuvi halikufutwa. Usiku wa Pasaka alibatizwa. Mwezi wa Novemba uliofuata, katekista alipokusanya majina ya wafu wa kuombewa, yeye alileta mawili. La kwanza ni jina la nyanya yake. La pili ni jina la yule mama mzee aliyefichwa siku mbili.

Maulizo ya kukumbuka

Nani alitia jina la Mungu katika mioyo ya wazee wetu? — Mungu mwenyewe, aliyewaumba kwa mfano wake.

Je, mtu asiyeijua Injili bila kosa lake aweza kuokoka? — Ndiyo, akimtafuta Mungu kwa moyo mnyofu na kuitii dhamiri yake, kwa neema ya Kristu.

Je, kuna mwokozi mwingine pamoja na Yezu Kristu? — Hakuna. Wote wanaookoka, yeye ndiye anayewaokoa, hata kama hawakulijua jina lake.

Aliyesikia Injili aweza kuuacha ubatizo? — Hapana. Aliyepewa kingi ataulizwa kingi.

Tuombe. Ee Mungu, Baba wa watu wote, uliyewaumba wazee wetu na kuwalisha, uwahurumie wote waliokutafuta bila kukujua vizuri. Utupe sisi tuliosikia sauti ya Mwanao tusigeuke nyuma. Utukutanishe sote nyumbani kwako, tuliobatizwa kwa maji na wale uliowaita kwa njia unayoijua wewe. Kwa Kristu Bwana wetu. Amina.